Sungura, pweza wa Pate na ule mstari wa juu

Swali: Asalaam aleikum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Siyu, kisiwani Pate, nasomea shahada ya uzamili ya baiolojia. Utafiti wangu ni juu ya mkono wa pweza: ukikatika huota tena, nami nataka kujua kama ERK, protini inayopitisha ishara ndani ya seli, huwashwa kwenye kidonda saa za mwanzo. Nilinunua kingamwili ya poliklono (mchanganyiko wa kingamwili nyingi) ya sungura inayotambua ERK iliyotiwa fosfati. Karatasi yake inasema imejaribiwa kwa binadamu na panya. Kwenye utando, ile karatasi ninayohamishia protini kutoka kwenye jeli, napata mistari mitatu: mmoja mzito juu kabisa, umepita alama ya mwisho ya ngazi ya uzito, mmoja penye kilodaltoni 42, na mwingine chini yake kidogo. Kichupa kilipokwisha nikaagiza kingine, namba ileile ya katalogi, nikapata mistari miwili tu, na ule wa juu karibu hauonekani. Msimamizi wangu anasema nitupe data yote ninunue monoklono, yaani kingamwili ya aina moja tu. Je, nimepoteza mwaka? Na ni kweli kwamba poliklono ni takataka?

Jibu: Waaleikumu salaam mwanangu, na marahaba. Mwaka hujaupoteza, na utando wowote usiutupe. Ule mstari mzito wa juu, kwa dhana yangu, hauhusiani na ERK hata kidogo. Ni damu ya pweza wako. Na aliyemfundisha sungura kuitambua damu ya pweza ni konokono wa baharini wa California.

Tuanze na kilichomo ndani ya kichupa. Mtengenezaji hakumchoma sungura ERK nzima. Alitengeneza peptidi, kipande cha asidi amino kumi au ishirini hivi, kinachofanana na mahali ERK inapowashiwa: treonini, glutamati, tirosini, kwa herufi TEY, fosfati zikiwa zimekwisha kubandikwa kwenye treonini na tirosini. Kwenye ERK1 ya binadamu hizo ni nafasi ya 202 na 204. Kwenye ERK2 ni 185 na 187. Anayezibandika fosfati ndani ya seli ni protini nyingine, MEK, naye MEK huwashwa na Raf, Raf na Ras, na Ras hupata habari kutoka kwa vipokezi vilivyo kwenye utando wa seli. Kwa hiyo kingamwili yako haiulizi ERK ni nyingi kiasi gani. Inauliza imewashwa au haijawashwa.

Peptidi ndogo namna hiyo haimshtui sungura. Mwili wake huiona kama vumbi tu. Basi hubebeshwa protini kubwa ambayo mwili hauwezi kuifumbia macho, na mbebaji anayetumika sana ni KLH. Hiyo ni hemosianini, protini ya shaba inayobeba oksijeni, iliyotolewa katika damu ya Megathura crenulata, konokono wa baharini mwenye gamba lililotoboka kileleni. Sungura huchomwa mchanganyiko huo pamoja na kichocheo cha mafuta, hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, kisha damu yake huvunwa. Kwenye seramu hiyo mna kingamwili za peptidi, ndiyo, lakini mna pia jeshi zima la kingamwili za KLH. Tena hizo za KLH mara nyingi ndizo nyingi zaidi, maana KLH ni jitu na peptidi ni chembe.

Kwa mtu anayefanya kazi na seli za binadamu au za panya, jeshi hilo halina madhara. Binadamu hana hemosianini, kwa hiyo zinazunguka tu na kuoshwa. Ndiyo sababu karatasi haikukuonya: aliyeiandika hakumfikiria mtu wa Pate. Lakini pweza ni jamaa wa konokono. Damu yake ni ya buluu kwa sababu hiyohiyo ya shaba, na protini kubwa katika damu hiyo, kupita nyingine zote, ni hemosianini. Nyororo yake moja ina uzito wa kilodaltoni 350 hivi. Alama ya mwisho ya ngazi nyingi ni 250. Sasa tazama tena mstari wako uko wapi.

Kuna jingine la kukutia wasiwasi zaidi. Nyororo hiyo ya pweza imejengwa kama tasbihi: ina shanga saba, kila shanga kilodaltoni 50 hivi, zimeungwa kwa vipande laini ambavyo vimeng'enya vya kukata protini hupenda sana kuvikata. Sampuli ikicheleweshwa, tasbihi hukatika, na shanga mojamoja hushuka kwenye jeli hadi penye 50. Kutoka 50 hadi 42 si mbali, hasa kwenye jeli iliyokimbia vibaya. Kwa hiyo usifurahi sana siku ule mstari wa juu utakapotoweka. Uliza kwanza umekwenda wapi.

Mimi ninadhani tu, na dhana haipelekwi mbele ya watahini. Jaribio lenyewe ni rahisi, na ni zuri mpaka nakuonea wivu kulifanya. Nunua KLH kidogo. Huuzwa peke yake, wala huhitaji nyingi. Chukua kingamwili yako iliyozimuliwa, igawe mafungu mawili. Fungu moja litie KLH, liache saa moja huku likitikiswa polepole, ili kingamwili zinazoitaka KLH zishibe kabla hazijafika kwenye utando. Fungu la pili liache vilevile. Kisha tumia mafungu yote mawili juu ya tando mbili zilizotoka kwenye jeli moja. Mstari wa juu ukififia kwenye fungu la kwanza na ule wa 42 ukabaki, kesi imekwisha. Na pembeni ya sampuli zako za mkono, weka njia moja ya jeli yenye damu tupu ya pweza, kidogo sana, iliyochemshwa kwenye bafa ya sampuli, kile kimiminika cha kuandalia sampuli. Kama nasema kweli, njia hiyo itawaka juu kama taa ya gati la Amu.

Mstari usipofifia, bado hujakwama. Huenda kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza ili ionekane, ndiyo inayonata. Hiyo hupimwa kwa utando usiowekewa kingamwili ya kwanza kabisa, na ni jaribio ambalo wanafunzi hulidharau kwa sababu linaonekana la kitoto. Nami nililidharau. Ujanani, kwenye maabara moja ambayo siitaji, nilikaa miezi minane nikiupenda mstari mmoja, nikauchorea grafu na kuusimulia kwenye semina, mpaka mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuutazama bila kingamwili ya kwanza. Sikuwa nimewahi. Ulikuwepo vilevile, mnene na mtulivu. (Kingamwili ile ya pili, kwa taarifa yako, ilikuwa ya punda dhidi ya sungura. Mtu wa Amu kuangushwa na punda ni jambo la kawaida, lakini si kwa namna ile.)

Tuje kwenye mistari miwili ya chini.

Usije ukaandika kwamba hiyo ni ERK1 na ERK2. Binadamu na panya ndio wenye mapacha hao, 44 na 42. Wanyama wengi wasio na uti wa mgongo wana ERK moja tu: inzi wa matunda ana moja, inaitwa rolled, na mnyoo C. elegans ana moja, inaitwa mpk-1. Kwa pweza, usikisie. Jinomu, yaani orodha nzima ya jeni, ya pweza Octopus bimaculoides ilichapishwa mwaka 2015, iko wazi, itafute ERK humo uhesabu. Nami natarajia utakuta mstari mmoja tu unaostahili jina hilo.

Wa pili basi ni nani? Mimi ninamshuku p38, protini nyingine ya ukoo wa ERK.

Nikupe mfano wa nyumbani. Wazee wanaokaa gatini hulitambua jahazi likiwa mbali bado. Mmoja hulijua kwa tanga, mwingine kwa macho yaliyochorwa omoni, mwingine kwa mkato wa tezi. Kingamwili ya monoklono ni mzee mmoja tu. Anaangalia alama moja, na jibu lake leo ni jibu lake kesho. Poliklono ni baraza zima, kila mtu na alama yake. Sasa ikiwa fundi mmoja wa Matondoni ameunda majahazi mawili, yenye omo tofauti lakini tezi moja, yule mzee anayetazama tezi atayaita yote mawili kwa jina moja, wala hadanganyi. Amesema alichokiona.

ERK na p38 wameundwa na fundi mmoja. Karibu na swichi, ERK husomeka HTGFLTEYVATRWYRAPEI. Kwenye p38 ya binadamu, swichi ni TGY badala ya TEY, na kinachofuata ni VATRWYRAPEI, herufi kwa herufi. Kingamwili yoyote ndani ya baraza lako inayotazama tirosini yenye fosfati na mkia unaoifuata itawaona wote wawili. Na p38 hukimbia kwenye jeli jirani kabisa na ERK, mara nyingi chini yake kidogo. Tena p38 ndiyo protini ya dhiki: joto, chumvi kubadilika, jeraha. Mkono wa pweza uliokatwa muda huu umejaa dhiki. Ningeshangaa kama isingewaka.

Ufanano huohuo ndio uliokuokoa, lakini. Swichi ya ERK imehifadhiwa sana tangu inzi hadi binadamu, ndiyo maana kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya panya ikaona kitu kwenye pweza. Mtengenezaji akiandika "binadamu na panya" maana yake ni kwamba ndio aliowajaribu. Hakusema kwamba wengine haiwezekani. Muulize peptidi ilichukuliwa sehemu gani. Wengi huficha mfuatano kamili kama siri ya duka, lakini ukiwaandikia kwa adabu watakuambia angalau kama unafanana na wa mnyama wako.

Kuwatenganisha ERK na p38, tumia mambo mawili. La kwanza ni U0126, kizuizi cha MEK. Kata vipande vyembamba vya mkono, vigawe: vingine maji ya bahari matupu yenye hewa ya kutosha pamoja na kile kiyeyushi kilichobeba dawa, vingine maji yenye U0126 mikromola 10, nusu saa au saa nzima, kisha chemsha. Mstari wa ERK unatakiwa ushuke. Wa p38 hauna sababu ya kushuka, maana hauwashwi na MEK ile. La pili ni kuweka utando mwenza wenye kingamwili ya p38 iliyotiwa fosfati uone kama unaangukia palepale penye mstari wako wa chini. Na kabla ya hayo yote, fanya jaribio la fosfatasi ya lambda: kata utando vipande viwili vinavyofanana, kimoja kiloweshe kwenye kimeng'enya hicho kinachong'oa fosfati, kisha vyote viwili vipate kingamwili yako. Mstari unaobaki kwenye kipande kilichong'olewa fosfati hausomi fosfati, na hapo ninategemea ule wa juu ubaki bila haya huku miwili ya chini ikiondoka.

Weka pia njia moja ya seli za binadamu zilizochochewa kwa TPA, dawa inayowasha ERK, na nyingine zilizozuiwa kwa U0126. Wauzaji wengi huwa na sampuli hizo tayari. Bila hizo, siku utando ukiwa mweupe hutajua kama pweza hana ERK iliyowashwa au kingamwili imekufa.

Sasa kichupa cha pili. Namba ya katalogi ni jina la ukoo. Namba ya toleo ndiyo jina la mtu. Poliklono hutoka kwa sungura fulani, na sungura hufa. Toleo linalofuata ni la sungura mwingine, au ni damu ya siku nyingine ya sungura yuleyule, na baraza lake lina wazee wengine. Halafu kuna kusafisha. Kiwandani seramu hupitishwa kwanza kwenye protini A, ambayo huokota kingamwili zote bila kuchagua, za KLH zikiwemo. Wanaojali zaidi huipitisha kwenye safu yenye peptidi iliyotiwa fosfati, zinazoshika ndizo zinazowekwa, kisha kwenye safu yenye peptidi ileile isiyo na fosfati ili kuondoa zisizojali fosfati. Safu hizo hazina KLH, kwa hiyo jeshi la konokono hubaki nje. Toleo lako la kwanza huenda halikusafishwa sawasawa, la pili likasafishwa vizuri zaidi. Au sungura wa pili hakuichukia KLH sana. Angalia vichupa vyote viwili, hata kile kitupu, uandike namba za matoleo, uwaandikie wakupe picha ya utando wa kila toleo. Wenye heshima yao hutoa.

Kwa hiyo data ya toleo la kwanza usiitupe, ila usiichanganye na ya pili kwenye grafu moja kana kwamba zimepimwa kwa kipimo kimoja. Chukua sampuli nne au tano za zamani ulizozigandisha, zipitishe kwenye matoleo yote mawili siku moja. Ukiona mpangilio wa mstari wa 42 ni uleule, nani juu nani chini, umejenga daraja. Ukiona umegeuka, rudia sampuli zote kwa toleo la pili. Kazi ya wiki tatu, si mwaka.

Msimamizi wako ana haki yake. Mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya mia moja, wakiongozwa na Bradbury na Plückthun, waliandika kwenye jarida la Nature wakitaka kingamwili za utafiti zitengenezwe kwa mfuatano wa jeni unaojulikana, ili toleo la leo na la miaka kumi ijayo liwe kitu kimoja. Na mwaka 2023 ulichapishwa upimaji wa kingamwili 614 za dukani dhidi ya protini 65, kwa kutumia seli zilizoondolewa jeni husika. Zile zilizotengenezwa kwa jeni zilifanya vizuri kuliko monoklono za kawaida na kuliko poliklono. Hilo sibishani nalo.

Ila neno takataka silikubali. Seramu ya Behring na Kitasato ya mwaka 1890, iliyofungua elimu yote hii, ilikuwa poliklono. Dawa anayochomwa mtu aliyeumwa na nyoka kwa kawaida ni poliklono ya farasi, na hakuna anayeikataa kitandani. Kwa mnyama ambaye hakuna kiwanda kinachomtengenezea chochote, baraza la wazee lina faida: yule anayetazama tanga akishindwa kwa sababu tanga la pweza ni tofauti, yule wa omo atalijua. Monoklono ikikosa alama yake moja, imekosa kabisa, na utakuwa umelipa mamia ya dola kwa utando mweupe. Kwa ERK iliyotiwa fosfati, pale ambapo mfuatano umehifadhiwa, ningenunua monoklono iliyotengenezwa kwa jeni ukipata fedha, kwa sababu hatari ya kukosa alama ni ndogo. Kwa ERK ya jumla ningebaki na poliklono. Nyingi za ERK ya jumla hutengenezwa kwa mkia wa protini, na mkia ndio unaobadilika kati ya mnyama na mnyama.

ERK ya jumla unaihitaji hata hivyo. Bila hiyo huwezi kusema imewashwa zaidi. Labda ipo nyingi zaidi tu.

Hukuniuliza juu ya sampuli, lakini nakujua njia yako. Pweza anasakwa mwambani wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa. Kisha kuna kutembea mpaka kijijini, kisha kwenda Mtangawanda, kisha boti isubiri maji yajae ipite mlango wa bahari wa Mkanda, kisha Mokowe bara, kisha barabara. Barafu kwenye kasha haitoshi. Fosfati kwenye TEY hung'olewa na vimeng'enya vya seli zenyewe kwa dakika, si kwa saa, na baridi huvipunguza kasi tu. Ukifika maabara na kipande kilichokaa saa sita kwenye barafu, unapima safari yako.

Dawa yake ni jiko. Beba vichupa vyenye bafa ya sampuli yenye sabuni ya SDS, asilimia 2, pamoja na DTT, kemikali inayokata vifungo vya protini. Papo hapo ufukweni kata kipande kidogo kama punje ya kunde, kisage kwenye bafa iliyokwisha kuwa moto, kisha chemsha dakika tano hadi kumi kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la gesi. Joto na SDS huua fosfatasi na huua pia vile vimeng'enya vinavyokata tasbihi ya hemosianini. Baada ya hapo fosfati zimetulia. Barafu ya kawaida inatosha mpaka ufike kwenye friza. Kupima wingi wa protini kutakuwa kugumu, kwa sababu bafa hiyo huharibu vipimo vingi vya rangi, lakini unaweza kusawazisha kwa kupaka utando rangi ya Ponceau na kutazama njia nzima. Sampuli ikiwa nata kama uji, ni DNA. Ivute mara kadhaa kwa sindano nyembamba. Na kabla ya kusaga, suuza damu kwa maji ya bahari safi. Damu kidogo, hemosianini kidogo.

Chukua daima kipande cha dakika sifuri kutoka mkono uleule. Kumkamata pweza kwenye shimo lake na kumchokoa kwa mti tayari ni dhiki, na ERK yake haikukusubiri uanze saa yako. Kamati ya maadili ya chuo itakuuliza unamlaza usingizi vipi kabla ya kumkata; Ulaya pweza yumo kwenye sheria ya wanyama wa maabara tangu mwaka 2010, na wahariri wa majarida wamezoea kuuliza hilo.

Mezani: zuia utando kwa albumini ya ng'ombe, asilimia 5 kwenye bafa ya chumvi ya TBS yenye sabuni ya Tween asilimia 0.1, na zimua kingamwili humohumo. Maziwa ya unga ni rahisi na yanapatikana duka lolote la Mkomani, lakini kasini, protini ya maziwa, yenyewe imejaa fosfati, na mara nyingi huleta ukungu kwa kingamwili za namna hii. Anza na 1 kwa 1000, usiku kucha penye nyuzi 4. Kichupa cha mikrolita 100 ukitumia mililita 10 kila mara ni tando kumi tu, kwa hiyo tumia mfuko mdogo wa plastiki uliobanwa vizuri, mililita 3 zinatosha. Mchanganyiko uliokwisha zimuliwa unaweza kuutumia mara mbili tatu ukiutia azidi ya sodiamu asilimia 0.02. Lakini azidi isikaribie kingamwili ya pili yenye kimeng'enya cha peroksidasi, kwa sababu huiua. Niliwahi kutia azidi kwenye chupa isiyostahili na wiki mbili nzima maabara yote ikapata tando nyeupe. Hatujui hadi leo kama mkuu wetu aligundua. Nayo ni sumu, vaa glavu.

Kuhusu umeme unaokatika, usikose usingizi. Kingamwili nyingi za aina hii huwekwa kwenye gliseroli asilimia 50, hazigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na saa chache za friza kuzimika hazitaziua. Kinachoziua ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara, kwa hiyo usizipeleke kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ukidhani unazienzi, na usizipange kwenye mlango wa friza.

Kwenye tasnifu, andika mtengenezaji, namba ya katalogi, namba ya toleo, namba ya RRID (utambulisho wa kimataifa wa kingamwili), kiasi ulichozimua, na uweke picha ya utando mzima mpaka juu kule penye ule mstari, pamoja na jaribio la KLH chini yake. Watahini wengi hawajawahi kuliona jambo hili. Mtu anayekata picha abakishe 42 tu humfanya msomaji ajiulize ameficha nini, na wewe huna cha kuficha.

Bamvua lijalo nenda na jiko. Ukishapitisha tando mbili zile, yenye KLH na isiyo nayo, nitumie picha zake bila kuzikata, na uniambie pia ile njia ya damu tupu ilionyesha nini penye 50.